Kwa nini kampuni za mizigo zinalaza vichwa vya treni vya dizeli ambavyo bado ni vizima?

MwanaMkomani (Lamu)

Assalam alaykum ndugu zangu wa Amu, Malindi na kwingineko.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu yetu: safu za vichwa vya treni vyekundu vimeegeshwa karakana ya Toton, Uingereza, na majani yameota mpaka magurudumuni. Chini yake mtu kaandika kwamba Wazungu wanatupa mashine mpya, na serikali ingechukua hata kumi tu, Lamu ingekuwa na treni kesho. Nimeona watu wazima ninaowaheshimu wakiisambaza. Mimi ni fundi wa dizeli, mashine za boti na jenereta ndiyo riziki yangu, na injini za treni nimezifuatilia kwa mapenzi tangu ujana. Swali lililomo ndani ya ile picha ni la maana, ndiyo sababu nimeona niliandikie uzi mrefu. Kichwa chenye miaka 15 au 20 kwa upande wa treni bado ni kijana. Inakuwaje kinalazwa huku chenye miaka 40 kinavuta mizigo?

Nionavyo mimi, kichwa cha treni hununuliwa kwa ajili ya mzigo fulani. Mzigo ule ukiondoka, upya wa mashine haumsaidii mwenye mali.

Tuanze na hao hao Waingereza. Mwaka 1998 EWS, kampuni ya treni za mizigo, ilianza kupokea vichwa vya aina iitwayo Class 66 kutoka kiwanda cha General Motors kilichokuwa mji wa London, ule wa Ontario, Kanada. Iliagiza 250 kwa mkupuo mmoja. Injini ya EMD (tawi la General Motors la vichwa vya treni) ya silinda 12, nguvu za farasi kama 3,300, ekseli sita, uzito unaokaribia tani 130. Vilikuja kupokea kazi kutoka kwa vichwa vya miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa makaa ya mawe, kutoka bandarini na migodini hadi vituo vya umeme, usiku na mchana.

Mwaka 2012 makaa yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Aprili 2015 serikali ikapandisha tozo ya kaboni, ushuru kwa wanaochoma makaa na gesi kupata umeme, hadi pauni 18 kwa tani, na kufika 2016 sehemu ya makaa ilikuwa imeporomoka hadi kama asilimia 9. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa, nacho hakiko mbali na hiyo Toton ya kwenye picha. Yaani katika miaka minne tu, 2012 hadi 2016, mzigo uliokuwa ukilisha mamia ya treni umeyeyuka, na vichwa viko vilevile na nguvu zao zilezile. Kokoto za ujenzi na makontena vilichukua baadhi. EWS yenyewe, ambayo Wajerumani wa Deutsche Bahn waliinunua 2007, ilishapeleka makumi ya vichwa kufanya kazi Ufaransa na Poland. Vilivyobaki bila kazi vikawekwa kando.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Class 67, kwa sababu unaonyesha jambo lenyewe waziwazi. Ni vichwa 30 vilivyoundwa Valencia, Hispania, 1999 na 2000, vikiwa na injini ileile ya 66, silinda 12 zilezile. Tofauti ni kwamba vina ekseli nne badala ya sita, na vimetengenezwa kukimbia maili 125 kwa saa, kilomita 200, kwa kuwa EWS ilikuwa na mkataba wa kubeba barua za Royal Mail usiku. Mwaka 2003 Royal Mail ikatangaza kuacha reli. Vichwa havijatimiza miaka mitano! Kuvuta kokoto haviwezi kama 66, maana uzito unaokanyaga reli ni mdogo na magurudumu huteleza mzigo ukizidi. Mbio zao hazina wa kuzitaka, kwa sababu treni za mizigo hazikimbii kiasi hicho. Vichwa viwili vikapakwa rangi ya treni ya kifalme, vingine vikakodishwa kwa treni za abiria, na vingine vikalala. Injini moja, hatima mbili.

Sasa nije kwenye hesabu ya masaa, ambayo wengi hawaijui. Fundi haulizi injini ya treni ina miaka mingapi. Huuliza imenguruma masaa mangapi na imetembea umbali gani tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho. Kuna ukaguzi mdogo wa mara kwa mara, na mbele yake kuna kazi kubwa: kufungua injini, kubadilisha pistoni na silinda, kushughulikia turbo, kushusha mota za umeme zinazozungusha ekseli, kuchonga magurudumu au kuweka mapya. Hiyo ni kazi ya pesa nyingi, na kichwa hakiingizi hata senti kikiwa juu ya jeki.

Chukulia una vichwa 30, na treni zako za kila siku zinahitaji 20. Havikuchakaa sawasawa. Baadhi vimetoka karakana juzi, baadhi vimebakiza wiki chache vifikie kufunguliwa. Mwenye mali atalaza vile vinavyodai karakana, hata kama ndivyo vipya kwa mwaka wa kuundwa, na ataendesha vyenye masaa mengi mbele yao. Ndipo unapoona kichwa cha 2010 kimelala na cha 1980 kinapita mbele yake na mabehewa. Kile cha 1980 kilifunguliwa na kufungwa upya mwaka uliopita. Mpita njia anaona uzembe, mhasibu anaona pesa ya matengenezo iliyosogezwa mbele. Siku treni zikihitaji vichwa 25, vile vitano vinaingia karakana kwa zamu.

Na si lazima kichwa kilicholazwa hivyo kife. Class 60, vichwa 100 vilivyoundwa na Brush pale Loughborough kati ya 1989 na 1993, vingi vilikuwa vimelala vikiwa havijamaliza miaka 20. Kuanzia 2011 vikatolewa takriban 20, vikafunguliwa upya na kurudishwa kuvuta treni nzito za mafuta na chuma, kwa sababu kwa kuvuta hasa ni hodari kuliko 66.

Sisi watu wa Amu hili tusilishangae. Kusi likichafuka, vyombo hupandishwa pwani na vikalala kwa wiki, na hakuna anayesema mwenye jahazi amelitupa.

BahariYaShela

Shekhe wangu, shukran kwa somo. Lakini mbona wasiviuze tu? Mtu ana chombo hakimpi kitu, si akiuze apate chake?

MwanaMkomani

Ndugu yangu, ulilouliza ni la msingi. Wengine huuza. Lakini fikiria mnunuzi ni nani. Ndani ya nchi, mnunuzi wa kichwa chako ni yule anayegombania mikataba na wewe. Ukimuuzia kwa bei ya hasara, mwaka ujao anakuja na bei ndogo kuliko yako akitumia mashine yako. Wakubwa wengi huona bora kikae.

Pia kuna vya kukodi. Kampuni nyingi za mizigo hazimiliki vichwa vyote, hulipa kodi kwa benki au kampuni za ukodishaji. Mkataba haujaisha, kodi inalipwa kikilala au kikitembea. Ukikilaza angalau unaokoa mafuta, madereva na karakana.

Marekani wamelaza kwa njia nyingine kabisa. Hunter Harrison alipoingia kuongoza kampuni ya reli ya CSX Machi 2017, alileta mpango wake wa treni chache zilizo ndefu zaidi, zinazoondoka kwa ratiba iliyofungwa, mabehewa yasikae yadini. Alifariki Desemba mwaka huohuo, lakini mpango ukaenea, kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, nao wakaufuata kuanzia 2018. Treni tatu zikiwa mbili, vichwa vinabaki. Vikalazwa kwa mamia, na mzigo wenyewe haukupungua kwa kiasi hicho. Hapo kilichobadilika ni namna ya kuupanga.

Na sheria ya hewa chafu ikaongeza jambo. Kuanzia Januari 2015 kichwa kipya Marekani lazima kitimize kiwango cha Tier 4, ambacho ni kigumu na ghali. Kampuni zikaona heri kushika vichwa vya zamani, kuvirudisha kiwandani na kuvifanya upya, kuliko kununua vipya. Ukishajua hilo, kichwa kilicholala ni akiba: ganda lake, fremu yake na ekseli zake ndizo zitakazojengewa mashine ya miaka 20 mingine.

MzeeWaKarakana

Wanangu, nimestaafu kazi ya reli, sasa niko Malindi kwa mwanangu. MwanaMkomani amesema kweli, lakini niongeze la mikono.

Kulaza kichwa ni kazi, tena kazi yenye utaratibu. Unamwaga maji ya kupozea yote, mpaka ya kwenye mabomba ya chini. Unatoa betri au unazikata na kuzichaji kando. Unafunika bomba la moshi mvua isiingie. Mafuta ya dizeli hayaachwi tangini miaka, yanaota uchafu na kuziba chujio. Kila baada ya muda unakisogeza kidogo, kwa sababu beringi za ekseli zikibeba uzito ule mahali pamoja mwaka mzima, zinajichimba alama.

Kukiamsha ndiko kwenye hatari. Injini za EMD zina vali ndogo za kupimia kwenye kila silinda. Kabla ya kugusa swichi, unazifungua zote, halafu unazungusha injini pole pole kwa mtaimbo, unatazama kila tundu. Likitema maji, kuna ufa au mpira uliokufa, na mvua imeingia. Nimeona kijana aliyetaka sifa akipiga stata bila kufungua vali. Maji hayabanwi. Fimbo ya pistoni ikapinda, na mashine iliyokuwa nzima asubuhi ikawa chuma chakavu adhuhuri. Baada ya hapo unapampu oili ifike kila beringi, unapima waya za mota kwa mega kuona kama unyevu umekula kinga yake, unatafuta panya walipotafuna.

Na vya kisasa ndivyo vyenye maradhi zaidi vikilala. Vya zamani vilikuwa na rilei na swichi, unapiga msasa, kazi inaendelea. Vya leo vina kompyuta na bodi za umeme zinazoharibika kwa joto na chumvi. Mkilaza mashine ya namna hii hewa ya pwani yetu, bila kuifunika na bila mtu wa kuitazama, msitegemee kuikuta.

Jambo la mwisho, na hili liliniuma sana kazini. Kichwa kinalazwa kikiwa kizima. Mwezi wa kwanza mtu anakuja kuomba pampu tu, ya kichwa kingine kilichokwama, atairudisha. Hairudi. Halafu turbo. Halafu mota. Mkubwa akiuliza, anaambiwa tuna vichwa sita vimelala. Ukweli ni kwamba kuna maganda sita.

MwanaMkomani

Mzee wetu, Allah akupe afya. Haya ya vali nilitaka kuyaandika lakini wewe umeyafanya kwa mkono. Kwenye jenereta tunafanya vilevile: iliyosimama kitambo haiguswi stata mpaka imezungushwa kwa mkono. Wiki hii nimefungua moja iliyosimama kando ya bahari, nimekuta duara la kutu ndani ya silinda pale pistoni iliposimama, kama milimita mbili upana wake. Duara lile tu linatosha kuvunja ringi zote siku ya kwanza.

Nasisitiza lile la vipuri kwa sababu ndilo linalotutenganisha na hao wa Toton. Kampuni yenye hesabu huandika: kichwa namba fulani kimetolewa pampu, pampu imeagizwa. Au inaamua waziwazi kwamba vichwa kadhaa vitakuwa duka la vipuri, vingine visiguswe. Uamuzi wa namna hiyo nauheshimu. Kunyofoa kimya kimya siuheshimu hata kidogo.

KijanaWaMaweni

Kaka, mimi sikubali yote. Mnazungumza kana kwamba kila kichwa kilicholala kina hesabu nyuma yake. Afrika yetu vingi vimelala kwa ufisadi. Afrika Kusini walinunua vichwa virefu kuliko inavyotakiwa. Na Dar es Salaam je, vile 11 ambavyo Magufuli alisema havina mwenyewe?

MwanaMkomani

Sawa kabisa, na sitetei. Ile ya Afrika Kusini ni shirika la abiria, PRASA. Waliagiza 70 vya dizeli na umeme kupitia kampuni ya kati. Vikaja 13 vya dizeli aina ya Afro 4000, na 2015 ikafichuka kwamba kimo chao kimezidi kipimo cha reli zao. Mahakama ikafuta mkataba 2017. Vipya kabisa vikasimama. Na viliundwa Valencia, kwenye kiwanda kilekile kilichounda zile 67 za barua, kiwanda kikiwa kimebadili mwenyewe. Kwa hivyo ufundi haukuwa tatizo. Aliyeagiza ndiye aliyekuwa tatizo.

Vile 11 vya Dar, Rais Magufuli alivitaja hadharani 2017. Kichwa kinafika bandarini na hakuna anayesema ni changu!

Transnet, shirika la reli na bandari la hukohuko Afrika Kusini, nayo inafaa kutajwa, maana ni ya mizigo hasa. Mwaka 2014 walisaini kununua vichwa 1,064, vya umeme na dizeli. Ukaja uchunguzi wa rushwa, ukaja mgogoro na CRRC, waundaji wa vichwa wa Uchina, na vipuri vikakatika. Vichwa vipya vikasimama kwa mamia kwa kukosa vipuri, huku makaa na madini yakigombania barabara na malori. Huko mzigo ulikuwepo, tena wa kutosha. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko lile la Waingereza. Ukisikia kampuni imelaza vichwa, uliza kwanza: mzigo upo au haupo? Kama haupo, kulaza ni busara. Kama upo, kuna mtu anatakiwa ajibu.

BintiFaza

Nashukuru kwa elimu. Swali langu ni letu sisi. Bandari tunayo. Hivyo vilivyolala Uingereza vingeweza kuja kutembea hapa au ni ndoto?

MwanaMkomani

Dada yangu, kiufundi si ndoto. Upana wa reli yao ni milimita 1,435, sawa na SGR yetu na sawa na reli iliyopangwa kwenye LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara na reli kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Vichwa vya Class 66 vimetembea Ufaransa na Poland. Hata vya mtumba vilishakuja Kenya: RVR, waliokuwa wakiendesha reli ya zamani ya Kenya na Uganda, walileta 20 aina ya GE B23-7 kutoka Marekani, vikabadilishiwa magurudumu yaingie reli ya mita.

Ugumu uko kwenye mengine. Mabehewa mengi ya Uingereza yanaungwa kwa ndoano na bafa, ya SGR yetu yanashikana kwa kiungo cha ngumi, mtindo wa Marekani na Uchina. Breki na mifumo ya ishara ni tofauti. Na SGR ilianza na vichwa 56 vya Uchina, 43 vya mizigo, 5 vya abiria na 8 vya kupangia mabehewa. Ukiongeza kumi vya EMD, umeongeza duka la pili la vipuri, mafundi wa pili, vitabu vya pili. Kundi dogo lisilofanana na wenzake ndilo hulazwa la kwanza, kila mahali. Freightliner, kampuni ya mizigo ya Uingereza, walinunua Class 70 za General Electric kuanzia 2009, farasi 3,690 kila moja, na vingi vikaishia kulala Leeds. Kampuni nyingine, Colas, ilichukua 17 za aina hiyohiyo na ikazifanyisha kazi.

Kikubwa zaidi ni kwamba reli yenyewe haipo. LAPSSET ilizinduliwa Machi 2, 2012 na marais Kibaki na Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles. Gati la kwanza likaanza kazi Mei 20, 2021, na leo ni magati 3 kati ya 32 yaliyopangwa. Kutoka Lamu kwenda Isiolo hakuna taruma hata moja. Ukileta vichwa kabla ya reli, na reli kabla ya mzigo, umenunua picha kama ile ya Toton, isipokuwa yetu itakuwa na chumvi.

BahariYaShela

Na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, hapa Lamu? Si walisema ungeleta kazi? Labda na treni ingefuata.

MwanaMkomani

Megawati 1,050 pale Kwasasi, na Juni 26, 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake. Mimi nilifurahi, na sifichi. Wavuvi wetu wangelipa gharama.

Kwa upande wa reli, makaa yale yangeanza kwa kuja na meli, karibu tu na mtambo, hayahitaji treni. Na hata yangehitaji, tazama tarehe. Leseni inabishaniwa hapa mwaka uleule Waingereza wamebakiza vituo vichache tu, vichwa vya makaa vimelala tayari. Tungejenga reli kwa mzigo ambao wenzetu wanauaga.

MzeeWaKarakana

Mwanangu, na mzigo gani unauona wewe, wa Lamu?

MwanaMkomani

Mzee, mimi nauona wa kwenda Ethiopia, kwa sababu ni nchi ya watu zaidi ya milioni 100 isiyo na bahari, na mbolea yake, ngano yake na chuma chake vyote vinapita bandari za watu, nyingi Djibouti. Wakikubali hata sehemu ndogo ya mbolea ije huku kwa mkataba wa miaka, sio ahadi ya mkutanoni, hapo kuna treni za kila wiki na mtu anaweza kuhesabu vichwa vingapi vinahitajika. Mifugo ya Garissa na Isiolo ni mzigo mzuri lakini lori linaumudu. Mafuta ghafi ya Turkana yalipangiwa bomba, sio behewa.

Mwenye hesabu ya tani zinazopita Moyale kwa lori sasa hivi aiweke hapa. Hiyo ndiyo ninayoitafuta, na nikiipata nitaikokotoa mbele yenu: tani kwa treni, treni kwa wiki, vichwa vya kuvuta na vya kukaa karakana kwa zamu.